Nyongeza

Jumatano, Tengeru. Nimevaa glovu mpya
na ninanunua nyanya kama mtu asiye na mdomo:
kilo mbili, meza ya tatu kutoka lango la chini,
kama fomu inavyotaka, si kama jicho linavyopenda.
Muuzaji anacheka. "We dada, hata huchagui?"
Sichagui. Siku ya kwanza kazini Mzee Issangya alitwambia:
sampuli iliyochaguliwa ni shahidi aliyehongwa.

Mabega ya nyanya yana unga mweupe.
Mteja wa pembeni anaokota moja,
anaifuta kwa upindo wa kanga, anaing'ata,
anauliza bei huku akitafuna.

Muuzaji anaitwa Ndeanasia. Jina hilo
sitaliandika popote. Juu ya mfuko naandika 0417,
tarehe, saa, kwa kalamu isiyofutika kwa maji.
Ananikatia risiti, kisha,
kwa kuwa mimi ndiye nimemfungulia biashara,
anaongeza moja. Kubwa. "Hii ya mtoto."

Nyongeza haimo kwenye fomu.
Haikupimwa, haina namba,
haiwezi kuingia mfuko wa serikali.
Nikaitia wangu.

Maabara hatuoshi. Wageni hushangaa hapo.
Tunang'oa kikonyo, tunakata, tunasaga,
na blenda yetu hunguruma kama ya mama wa juisi pale stendi,
ila glasi haziji.
Chumvi, kiyeyusho, mzunguko, kungoja.
Mashine haina pua. Haina shangazi Ngarenanyuki.
Inachora mstari, na mstari unakwenda
tambarare kama Sanya wakati wa kiangazi,
dakika ya tano, ya nane, ya kumi,
kisha unainuka mlima.
Si Meru, si Kibo. Mwembamba, kama sindano,
mara nne ya kile kikomo
tulichokichora kwa rula.

Nilirudia. Ukainuka palepale.

Mwenye shamba, Ndetaramo, alinipokea kwa kigoda na maziwa.
Hakuficha kitu. Bomba lilikuwa linakauka juu ya ua,
chupa tatu chini yake, moja haina lebo.
"Kantangaze akishaingia," alisema,
"kwa wiki moja unabaki na majani makavu na deni.
Kifuniko kimoja anakicheka. Viwili anakunywa kama chai."
Nikamsomea maandishi, madogo kama mayai ya chawa:
baada ya kupulizia, usivune mpaka siku saba.
Akatikisa kichwa taratibu, akakubali kila neno.
"Chupa inasema siku saba, mama.
Fuso linasema kesho."

Nikauliza, nanyi nyumbani mnakula zipi?
Akanitazama kama niliyemtukana mkewe.
"Hizi hizi. Kwani ziko nyingine?"

Sasa niseme ile ya Jumatano.
Jioni ile sikuwa nimevua hata viatu.
Elineema aliuona mfuko umevimba,
akaingiza mkono, akauma,
maji yakamchuruzika hadi kiwikoni,
nami nikacheka, nikamwambia ainame asichafue shati.
Ilikuwa siku kumi na tisa kabla ya mlima.

Mzima. Yuko nje, anagombania mpira.
Najua hesabu: nyanya moja, mtoto mmoja, siku moja,
si kitu cha kumkosesha mtu usingizi.
Najua, nafundisha wengine hivyo.
Usiku naamka kusikiliza anavyopumua.

Chini kabisa ya fomu pana mstari: Maelezo mengine.
Miaka sita nimeandika hapo "Hakuna".
Nimeandika tena.

Jumatano hii nimerudi. Lango la chini, meza ya tatu.
Barua tumeshapeleka wilayani, imegongwa muhuri,
na nyanya zimepangwa mafungu, nyekundu, zina unga mabegani.
Ndeanasia amenikumbuka. Kapima, kaandika risiti,
kisha kanyoosha mkono: "Ya yule mtoto."

Kwetu nyongeza haikataliwi.
Nimeipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa,
na glovu zangu zikiwa bado mikononi.